Fundi wa Juu ya Gogo

Mbao nyingi mnazozikanyaga katika nyumba za mji huu zimepita mikononi mwangu. Anayebisha aende Kijenge akagonge mlango wowote mzito, aulize nani aliyepasua mbao zake. Mimi kwa wamisionari nilikaa masika mawili tu, nikajua kusoma na kuandika haya mnayoyaona, mengine yote nimefundishwa na msumeno. Sina haya kulisema. Wapo waliokaa darasani mpaka ndevu zikaota, na leo wanakuja kwangu kuomba kazi ya kubeba maganda ya miti.

Lakini kabla sijawa na msumeno wangu nilikuwa mtu wa chini katika msumeno wa wenyewe, na juu yangu alisimama mzee mmoja ambaye vijana wangu hunisikia nikimtaja mara kwa mara, nao hudhani namtania. Simtanii. Tulimwita Fundi wa Juu. Jina lake analo, na watu wa nyumbani kwake wangali hai, kwa hiyo jina tuliache. Alikuwa mwema kuliko watu wote niliofanya nao kazi, na hakuna mtu aliyekaribia kuniua kama yeye.

Kwa asiyeijua kazi yetu nitaeleza. Siku zile za Mjerumani mti ulipasuliwa palepale msituni ulipoangukia. Mnachimba shimo refu, lenye kina cha kumzidi mtu kwa kichwa. Juu ya shimo mnalaza boriti mbili za kukingama, na juu ya boriti mnabiringisha gogo. Mmoja anapanda juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na kati yenu uko msumeno mrefu kuliko mtu, una mshikio juu na mshikio chini. Wa juu anafuata mstari kwa macho. Wa chini anavuta, anakula unga wa mbao, na anamwomba Mungu. Gogo linazuiwa na vyuma vyenye meno mawili mawili: jino moja linapigiliwa kwenye gogo, la pili kwenye boriti. Msumeno ukikaribia boriti, vyuma vinang'olewa, gogo linasogezwa, vyuma vinapigiliwa tena. Hivyo vyuma ndio uhai wa mtu wa chini. Gogo likizunguka, wa juu anaruka. Wa chini ataruka kwenda wapi?

Basi, Fundi wa Juu hakupenda kupiga vyuma.

Si kwamba hakujua. Alijua kila kitu. Mwerezi akiutazama ukiwa bado umesimama alikuambia moyo wake umeoza au mzima, ukiangushwa ukakuta hivyo hivyo. Mstari wake wa mkaa ulinyooka kama uzi wa maji yanayodondoka. Mbao zake hazikuhitaji randa kubwa, na kwa siku moja alipasua nyingi kuliko mtu yeyote wa shimo lingine. Lakini kung'oa vyuma na kuvipiga tena kila gogo liliposogezwa alikuona ni kazi ya watu waoga. Alilikanyaga gogo mara mbili kwa kisigino, kama mtu anayemwamsha ng'ombe, akasema, "Linanijua hili. Vuta."

Nikimuuliza kutoka chini, "Baba, limekaa?" alikuwa na jibu moja, na jibu hilo alilipenda sana: "Aliye chini haoni, basi asiseme."

Siku ya kwanza kabisa nilipopangiwa shimo lake, mpishi wa kambi, Mchaga mmoja mwenye mdomo usiotulia, alinitilia ndizi bakulini zaidi ya wenzangu. Nikamshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Ninampa hivyo kila anayekwenda kwa yule mzee. Wa kwanza alirudi kwao hana meno ya mbele, kabari ilimwangukia. Wa pili mguu wake ulibaki kama chapati. Wewe una bahati, bado hujaoa."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye? Hata mwiba haujawahi kumchoma."

Nilicheka, maana nilikuwa kijana na shingo yangu ilikuwa nene. Kufika jua la mchana nilikuwa nimeacha kucheka.

Ugoro ndio ulionitisha kwanza. Fundi wa Juu hakuweza kukaa muda mrefu bila kunusa, na hakuona sababu ya kusimamisha kazi kwa jambo dogo kama hilo. Aliachia mkono mmoja, msumeno ukiwa unapanda, akafungua kikopo chake cha pembe kwa meno, akanusa, akapiga chafya. Msumeno ulioshikwa na mkono mmoja wa mtu anayepiga chafya unayumba. Mimi kule chini niliuona ukitoka kwenye mstari wake na kunijia usoni, na kabla sijapata la kusema ulikuwa umesharudi, naye anaimba. Kisha kabari. Kabari zinapigwa katika mpasuko ili msumeno usibanwe, na mtu mwenye akili humwita mwenzake wa chini aondoe kichwa. Yeye alipiga kwanza, akaita baadaye. Shoka lake aliliacha limelala juu ya gogo, halikuchomekwa, limelala tu kama mtoto, na gogo linatikisika. Nilimwambia mara moja, kwa adabu, kwamba shoka litaanguka. Akanijibu kwamba shoka hilo ni la babu yake na halijawahi kumkata mtu wa ukoo mwema.

Ajabu ni kwamba mahali pengine popote alikuwa mwangalifu kama bibi harusi. Moto wa kambi hakuuacha mpaka amwagie maji majivu na kuyagusa kwa kiganja, kwa kuwa, alisema, msitu hauna mlango wa kutokea. Maziwa aliyaonja kabla hajampa mtu. Akiona kinyonga alikimbia waziwazi, mbele za watu, na hakuona aibu. Nimemwona akimbeba mbwa mgonjwa wa kambi kumtoa njiani ili asikanyagwe na ng'ombe wanaovuta magogo. Kwenye gogo tu ndipo alipokuwa mtu mwingine. Nadhani juu kule alijiona hana mwili, na kama yeye hana mwili, mimi nitakuwa nao kwa sababu gani?

Sasa mtauliza: mwanamume kama mimi, anayejua thamani yake, kwa nini hakuondoka?

Nilikuwa na mkataba. Shamba lilikuwa la mzungu mmoja aliyejenga kwenye miteremko juu ya Tengeru, na mbao zote zilikuwa za nyumba yake na mazizi yake. Mkataba wa siku zile haukuwa maneno. Aliyetoroka alifuatwa na askari, akarudishwa kamba mkononi, akapitishwa bomani akalazwa kifudifudi, akachapwa kiboko, kisha akarudishwa kazini kule kule alikokimbia. Niliwaona wawili. Mmoja alikuwa na nguvu kuliko mimi, na nguvu zake hazikumsaidia kitu.

Basi nikaenda kwa nyapara. Nyapara wetu alikuwa mtu wa pwani, anavaa kanzu hata penye tope, na alipenda kusikilizwa akisema. Nikamweleza kwamba ninaomba kubadilishiwa shimo. Hakuuliza sababu.

"Kijana," akasema, "msumeno wa watu wawili ni ndoa. Na mimi si kadhi wa kuvunja ndoa za watu. Rudi kwa mumeo."

Wote waliokuwa karibu walicheka, na tangu siku hiyo nikawa bibi harusi wa kambi. Sikupigana na mtu. Niliyaweka akiba moyoni.

Lakini kamba iliyonibana zaidi haikuwa ya Mjerumani. Sisi Wameru tuna marika. Vijana wakifika wakati wao, hawawashi moto wao wenyewe. Liko rika la wazee linalopekecha moto huo kwa vijiti, na tangu moshi utoke wazee hao ni baba zenu. Chakula kizuri mnawapelekea. Neno lao mnalibeba. Na mmoja wao akikutamkia neno baya kwa kinywa chake, mke wako hazai, ng'ombe wako hakai, na hakuna wa kulifuta neno hilo ila yeye. Fundi wa Juu alikuwa wa rika lililotuwashia moto sisi. Mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoshika kijiti. Mtu wa namna hiyo humwambii, "Mzee, unafanya kazi vibaya." Humwambii kwa sababu ulimi wako wenyewe hautaki.

Hapo ndipo nilipokuwa. Nikikimbia, askari. Nikisema, laana. Nikinyamaza, gogo. Kila asubuhi nilishuka katika shimo lile nikiwa nimevaa jani la mgomba kichwani kukinga unga wa mbao, na kila jioni nilipotoka nilijipapasa vidole.

Na wala hakunipa nafasi ya kumchukia. Mngenielewa zaidi kama ningesema alikuwa mkatili. Masika yalipoingia homa ilinishika shimoni, miguu ikakataa. Yeye mwenyewe alishuka, mzee wa umri ule, akanibeba mgongoni hadi kambini katika matope yanayofika magotini. Alinichemshia magome ya mti nisioujua, machungu kama nyongo, akanishika taya ninywe. Alinipondea ndizi. Siku zote nilizolala alikuja kuniangalia kabla hajala chakula chake.

"Pona upesi, mwanangu," akaniambia. "Yule waliyenipa badala yako anavuta kama anayekamua ng'ombe."

Na kabari iliponipiga begani, kwani haikuchelewa kunipiga, alishuka mbio, akatafuna majani, akanibandika, na machozi yalimtoka kweli. Kesho yake kabari nyingine ilikuwa pale pale juu ya gogo, ukingoni, inanisubiri.

Mpishi ndiye aliyenipa shauri la isale. Mnalijua isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Kwa Wachaga, na kwetu vilevile, ukifunga fundo katika jani la isale ukampelekea mtu, hawezi kukukatalia. Hata uwe na damu ya ndugu yake mkononi.

"Isale halikataliwi," mpishi akasema. "Mpelekee. Atafanya nini? Ni mzee wa mila, na mila ndiyo hiyo."

Niliona ni akili kubwa. Nilikwenda kulikata jani mwenyewe, nikalifunga fundo zuri, na wakati wa mapumziko ya mchana, watu wote wakiwa wamekaa, nikaenda kupiga goti mbele ya Fundi wa Juu nikalitoa kwa mikono miwili.

Alilitazama. Uso wake ulifunguka kama mlango. Akalipokea, akasimama, akaita kambi nzima.

"Mnamwona huyu? Vijana wa leo hawana hata haya, lakini huyu amelelewa. Ameniletea isale. Nami mbele yenu nasema, nimemsamehe."

Watu wakaitikia. Mmoja akapiga makofi.

"Baba," nikasema pole pole, "umenisamehe nini?"

"Hilo unalijua wewe. Isale haliulizwi maswali."

"Baba, mimi nilikuwa nataka kuomba..."

"Yamekwisha, mwanangu. Yamekwisha. Inuka, twende kazini."

Akalichomeka jani lile katika mkanda wake, akapanda juu ya gogo, akalikanyaga mara mbili kwa kisigino. Vyuma vilikuwa majanini. Nikashuka.

Jioni nilimwendea mpishi. Alikuwa anachochea moto, hata hakuinua macho.

"Wewe hasa ulitaka nini?" akaniuliza.

"Nilitaka apige vyuma."

"Ah. Basi hilo si la isale. Isale hupelekwa na aliyekosa. Mimi nilidhani umemtukana."

Hivyo nilikuwa nimekiri kosa mbele ya kambi nzima, kosa ambalo mimi sikulijua wala yeye hakulijua, na nimesamehewa, na siku zilizobaki nilitakiwa kuwa na shukrani. Tangu hapo nikimtazama tu kwa jicho la kuuliza, yeye aligusa mkanda wake, pale jani lilipokauka, kunikumbusha kwamba mambo yetu ni safi.

Kilichonibadilisha ni mwerezi mmoja mnene, wenye tumbo upande mmoja. Miti ya namna hiyo ikilazwa hutafuta pa kulalia, kama mlevi. Tulikuwa katikati ya ubao wa pili nilipoona mwanga wa juu unapungua, udongo ukaniangukia shingoni, na gogo likazunguka kiasi cha kiganja likasimama. Nilijibandika kwenye ukuta wa shimo.

"Baba," nikasema mwisho, "limezunguka."

"Limekohoa tu," akajibu. "Vuta."

Nikavuta. Na nilipokuwa navuta nilifikiri, kwa mara ya kwanza tangu nifike, kama mtu na si kama panya. Mila ilinikataza kumjibu baba. Je, ilinikataza kushika kipande cha mti?

Mshikio wa chini wa msumeno wa shimo unavuliwa. Umebanwa kwa kabari ndogo tu, ili msumeno uweze kuchomolewa kwa juu. Ukiuvua, msumeno mzima ni chuma kinachoning'inia, hata fundi awe nani. Kesho yake gogo liliposogezwa niliivua ile kabari ndogo, nikatoka shimoni na mshikio wangu, nikaketi juu ya chungu cha udongo, mshikio nimeulaza magotini.

Fundi wa Juu akanitazama kutoka kule juu.

"Mwanangu, umesahau kitu?"

"Hapana, baba."

"Basi shuka."

Nikakaa.

"Unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Kuna mtu amekukosea?"

Hapo nilivitazama vile vyuma vilivyolala majanini. Alifuata macho yangu, akavitazama naye, akageuza uso.

"Vile," akasema, "ni vya watu wasiolijua gogo."

Nikakaa. Nawaambieni, nimebeba magogo ambayo leo watu watatu hawayainui, lakini kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kubeba ni ule mshikio siku ile, mbele ya mzee aliyetuwashia moto.

Nyapara alisikia msumeno umenyamaza, akaja, kanzu ameikunja mkononi.

"Bibi harusi, leo umenuna?"

Akamuuliza mzee. Mzee angeweza kusema, kijana huyu ni mvivu, nami ningepelekwa bomani jioni ile. Hakusema hivyo, wala hakusema kinyume. Alisimama juu ya gogo na kikopo chake cha ugoro mkononi, hakukifungua. Nyapara akanichapa palepale. Nilichapwa nimekaa, na sikuinuka, wala mshikio sikuuachia. Alipopumzisha mkono nilikuwa vilevile nilivyokuwa. Akainua kiboko mara ya pili.

"Acha," akasema mzee. "Nipeni nyundo."

Alivipiga vyuma vile kwa hasira, mpaka meno yakazama yote. Alipomaliza nikashuka, nikaurudisha mshikio mahali pake, tukapasua hadi jioni bila wimbo.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Hakuvipiga tena kwa hiari yake hata siku moja. Kila gogo liliposogezwa ilinibidi nitoke, nikae, ningoje. Na kila mara aliniacha ningoje, ili nijue kwamba anafanya kwa huruma na si kwa kushindwa. Akaacha kuniita mwanangu. Akaniita Mshikio. "Mshikio ameamka vibaya leo," aliwaambia watu. "Mshikio anaogopa kivuli." Isale lililokauka alilitoa mkanda wake na kulitupa, nami nilimwona akilitupa. Chakula alikula na wengine. Nilikuwa na uhai wangu, lakini sikujua kama lile neno baya limeshamtoka kinywani mahali nisipokuwapo. Watu wa kambi wa kwetu walianza kukaa mbali nami kidogo, kama unavyokaa mbali na mti uliokwisha kukatwa upande mmoja.

Mkataba ulikuwa unaelekea ukingoni siku mwenye shamba alipokuja mwenyewe kutazama mbao za dari. Alisimama na fimbo yake, nyapara nyuma. Fundi wa Juu alivaa nguo safi kabisa, akasimama kama jogoo. Alipasua vizuri siku ile, sijawahi kuona mbao kama zile, wala sijazipasua mimi mwenyewe. Kisha gogo likafika pa kusogezwa. Likasogezwa. Nikatoka na mshikio wangu, nikaketi.

Akaniinamia, akasema kwa Kimeru, chini chini, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. "Leo tu. Usiniaibishe mbele ya huyu. Shuka, mwanangu."

Alilitumia neno lile. Nawaambia kweli, magoti yangu yaliinuka nusu. Kisha nikakaa.

Akanyooka. Akacheka, ili mzungu aone kwamba ni mzaha. Na ili kunionyesha mimi na dunia nzima kwamba gogo limetulia, akachukua nyundo, akaipiga kabari ndani ya mpasuko kwa nguvu zake zote.

Gogo likazunguka. Yeye akaruka kama alivyoruka siku zote, lakini ganda lilikuwa limelowa na kisigino kikateleza. Aliingia shimoni, mahali pangu, na gogo likamfuata, ncha moja ikazama, nyingine ikakwama mdomoni mwa shimo. Kilichokuwa kinalizuia lisishuke lote ni udongo tu.

Mwenye shamba hakushuka. Nyapara hakushuka, aliishika kanzu yake. Nilishuka mimi, na anayesema vinginevyo hakuwepo. Niliita watu wa mashimo mengine wafunge kamba, nikapita chini ya lile gogo nikamkuta amekaa, mguu umebanwa, uso umejaa unga wa mbao kama nilivyokuwa nikijaa mimi. Hakupiga kelele. Nilipofukua chini ya mguu wake akasema, "Ugoro wangu uko wapi?"

"Uko juu, baba."

"Angalia usimwagike."

Tulimtoa. Alipelekwa kwao amelazwa juu ya ubao tuliopasua asubuhi ile.

Mwenye shamba alininyooshea fimbo. "Wewe. Juu." Ndivyo nilivyokuwa fundi wa juu, kwa neno hilo moja, na tangu siku hiyo sijashuka. Aliyeletwa kuvuta chini yangu alinikuta nimeshapiga vyuma, akanishangaa.

Nilimaliza mkataba, nikapata msumeno wangu, kisha mwingine. Wengine wanasema ni bahati. Bahati haina sugu, nami ninazo. Lakini katika yote hayo nilikuwa mtu anayeisikilizia laana yake. Mke wangu alipochelewa kushika mimba, nilisema, amelitamka. Alipojifungua salama, nilisema, bado hajalitamka. Nilipeleka asali nyumbani kwake mara mbili. Ilipokewa na watu wa nyumbani, yeye hakutoka nje.

Siku za mwisho za Mjerumani, vita ikiwa bado haijafika kwetu, nilikuwa kwenye shimo langu nikiwasimamia vijana. Niliona mtu anapanda njia ya mawe kwa fimbo, mguu mmoja unamfuata nyuma kama mbwa asiyetaka safari. Nilimjua kabla sijauona uso. Vijana wa kwetu walisimamisha msumeno wakainama, akawagusa vichwa mmoja mmoja. Kichwa changu alikigusa mwisho.

"Umekuwa mkubwa, Mshikio."

"Ni Mungu, baba."

Akalizunguka gogo lililokuwa juu ya shimo. Akalipapasa. Akavitazama vyuma, vyote vinne.

"Nimechoka kukaa na migomba," akasema. "Macho yangu bado ni yale yale. Mstari bado nauona. Nipandishe juu."

Vijana walijua ni nani, walijua mimi ni wa rika gani, na walijua kwamba mtu wa rika langu hamwambii mzee huyu hapana. Mimi, mwenye misumeno, mwenye watu, niliona udongo unanizunguka pande zote tena. Nikimkubalia, mmoja wa vijana hawa atashuka chini yake. Nikamtazama yule kijana wa chini. Mke wake alikuwa amejifungua wiki ile.

"Baba," nikasema, "juu yupo mtu. Nafasi ninayoweza kukupa ni ya chini."

Hakukasirika, au kama alikasirika sikuona. Alikwenda mpaka ukingoni, akaegemea fimbo, akatazama ndani ya shimo muda mrefu.

"Huko nimeshafika mara moja," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sirudi."

"Mimi nilirudi kila asubuhi."

Nilipokwisha kusema ndipo nilipojisikia nimesema. Akaketi pale ukingoni, ule mguu ameunyoosha. Niliketi kando yake, chini kidogo kama inavyotakiwa. Vijana walijifanya wananoa.

"Ulikuwa unaona nini, ukiwa kule?" akaniuliza.

"Unga, baba. Na nyayo zako. Nilikuwa nikiziangalia. Zikitulia, navuta. Zikihama, nasali."

Alizitazama nyayo zake, ule mzima na ule uliopinda.

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama alivyofikiri mbele ya mti kabla ya kuuangusha.

"Kweli," akasema. "Nisingesikia."

Akatema mate kiganjani, akanipaka kwenye paji la uso, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama tunavyobarikiwa na baba zetu siku ya moto. Vijana wote waliona. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, na niliinamisha kichwa nisionekane uso.

Baadaye akasema anataka kurudi kabla jua halijawa kali. Nilikataa aende na kijana, nilimsindikiza mwenyewe. Aliweka mkono begani mwangu, pale kabari iliponipiga, sijui kama alikumbuka, tukateremka ile njia. Mawe yake hayatulii, yanacheza chini ya mguu. Mimi nilikuwa mbele. Kila nilipofika penye jiwe bovu nilisema, "Hapa, baba, ngoja," naye akasimama, akangoja mpaka nikamwambia aje.